Uhitaji na Kipimo Chake: Asili ya Msaada wa Masomo katika Vyuo Vikuu Binafsi

Mnamo mwaka 2018 alitujia msichana mmoja wa mwaka wa sita wa sekondari hapa Gisenyi, mkononi ana fomu ya kurasa nyingi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Alikuwa ameomba nafasi katika chuo kikuu kimoja binafsi cha Marekani, na fomu hiyo ilikuwa ya kuombea msaada wa fedha. Binti huyu alikuwa akishika nafasi ya kwanza darasani mwake mwaka hata mwaka. Mama yake, mjane, alikuwa akinunua sambaza kwa wavuvi wa Ziwa Kivu alfajiri, kisha kuvuka mpaka kwenda kuwauza Goma. Mahali palipoulizwa mapato ya familia kwa mwaka, binti alikuwa ameandika sifuri. Tulipomwuliza sababu alijibu kwa adabu, "Mwalimu, mama hana mshahara."

Nasi tukaipitisha fomu. Kiingereza chake kilikuwa safi, hapakuwa na kosa la sarufi, na kazi yetu sisi walimu wa lugha, tulidhani, ilikuwa imekwisha. Baada ya wiki chache chuo kikaandika kuuliza: familia isiyo na mapato yoyote inakula nini, inalipa kodi ya nyumba kwa fedha zipi, na ada ya sekondari ililipwa na nani? Barua ilikuja kwa njia ya intaneti wakati binti yuko nyumbani kwa bibi yake kijijini. Aliporudi mjini na kuisoma, siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa imepita. Nafasi ikapotea.

Kosa lile lilikuwa letu kuliko lake. Tuliyasahihisha maneno tusiyoyaelewa. Tangu hapo tumejitahidi kujifunza jambo hili la msaada unaotolewa kwa kadiri ya uhitaji: lilianzia wapi, lina hesabu gani ndani yake, na kwa nini chuo chenye mali nyingi kitake kujua bei ya beseni la sambaza. Hayo ndiyo tunayotaka kuwaeleza wasomaji wetu katika kurasa hizi.

Hapana budi tuanze na maneno, maana hapo ndipo wengi hupotea. Sisi wa Rwanda husema buruse, neno tulilolirithi kutoka Kifaransa. Jirani zetu wa Kenya husema basari. Watanzania huzungumzia ufadhili, udhamini na ruzuku. Maneno haya yote hutumiwa kana kwamba yana maana moja, ilhali ndani yake mna mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni tuzo, anayopewa mtu kwa sababu ameshinda wenzake, awe tajiri awe maskini. La pili ni mkopo, ambao hata ukitolewa kwa huruma utarudishwa. La tatu ndilo letu: fedha anazopewa mwanafunzi kwa sababu tu jamaa zake hawawezi kulipa, na kwa kiasi kile kile wasichoweza. Katika jambo hili la tatu alama za mtihani zimekwisha kufanya kazi yao mlangoni. Zilimwingiza chuoni, lakini hazimwongezei hata senti moja. Mwanafunzi wa kwanza na wa mwisho katika kundi lililokubaliwa, wakiwa na hali moja ya nyumbani, hupata kiasi kimoja.

Wazo la kumsaidia mwanafunzi maskini ni la kale. Harvard, chuo kikongwe kupita vyote vya Marekani, kilianzishwa mwaka 1636. Na ilipofika mwaka 1643 mwanamke mmoja wa London, Ann Radcliffe, aliyejulikana pia kama Lady Mowlson, alikuwa amekwisha kukipa pauni 100 ili faida yake imtunze mwanafunzi maskini. Msomaji wa pwani atatambua mara moja kitu hiki ni nini: ni wakfu. Mali yenyewe haiguswi, huliwa matunda yake. Tofauti ni kwamba wakfu za vyuo hivyo zimekusanywa kwa karne nyingi, zikawekezwa katika biashara za kila namna, hata leo wakfu wa Harvard umepita dola bilioni 50. Asiyelifahamu hili hawezi kufahamu lolote katika habari inayofuata. Chuo kinachoishi kwa ada za wanafunzi wake hakina njia ya kumsamehe mmoja isipokuwa kwa kumtoza mwingine zaidi. Vyuo binafsi vya kwetu vilivyochipuka baada ya mwaka 1994, kama vile Chuo Kikuu Huria cha Kigali kilichoanza mwaka 1996 na kuwa na tawi hapa Gisenyi, vilizaliwa bila wakfu wa namna hiyo. Tusivilaumu kwa kutofanya yanayofanywa na wenye mavuno ya miaka mia tatu na themanini.

Lakini kutoa sadaka ni jambo moja, na kupima uhitaji ni jambo jingine. Hadi katikati ya karne ya 20 vyuo vikubwa vya Marekani vilitoa buruse kwa namna ya wafanyabiashara sokoni: kijana hodari alipewa fedha na chuo hiki, chuo kile kikaongeza, na cha tatu kikaongeza tena, hata kama baba yake alikuwa tajiri. Mwisho wake ni kwamba fedha nyingi ziliwafikia wasiozihitaji. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 John Monro, aliyesimamia msaada wa fedha pale Harvard, alitunga kanuni ya hesabu: chukua mapato ya wazazi, ondoa kodi na gharama za lazima, tazama idadi ya watoto na mali iliyopo, upate kiasi ambacho jamaa hao waweza kuchangia. Mwaka 1954 vyuo vilianzisha ofisi ya pamoja, College Scholarship Service, ili mzazi ajaze fomu moja tu na vyuo vyote viisome kwa kanuni moja. Fomu aliyotuletea binti yule ilikuwa mjukuu wa fomu hiyo. (Tuseme hapa kwa kupita, kwa kuwa habari hii ilitufurahisha: Monro huyo, alipokuwa amepanda hadi kuwa mkuu wa wanafunzi wa Harvard, aliacha cheo hicho mwaka 1967 akaenda kufundisha katika Miles College, chuo kidogo cha Wamarekani weusi huko Alabama.)

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Jumlisha gharama zote za mwaka, yaani ada, chumba, chakula, vitabu na nauli. Toa kiasi ambacho familia yaweza kuchangia. Kinachobaki ndicho kinachoitwa uhitaji. Katika vyuo vikubwa gharama hizo siku hizi hupita dola 80,000 kwa mwaka. Mwenye kuiona tarakimu hiyo akiwa Rubavu hufunga ukurasa papo hapo, na huo ndio msiba wa kwanza, kwa sababu bei hiyo si bei yake. Kwa familia ya mjane wa mpakani bei yaweza kuwa dola mia chache, au isiwepo kabisa. Bei iliyoandikwa ni ya tajiri. Kila aliye chini yake hukatiwa yake.

Kanuni hii haikudumu bila ugomvi. Tangu mwaka 1958 vyuo vya kaskazini mashariki mwa Marekani, Harvard, Yale, Princeton na wenzao pamoja na MIT, vilikuwa vikituma wajumbe kukutana kila mwaka. Walichukua majina ya wanafunzi waliokubaliwa na vyuo zaidi ya kimoja, wakalinganisha hesabu zao, wakaafikiana mchango wa kila familia, ili kijana achague chuo kwa masomo na si kwa fedha. Kikundi hicho kiliitwa Overlap. Mwaka 1991 Idara ya Sheria ya Marekani ikavishtaki vyuo hivyo kwamba vinapanga bei kwa siri kama wafanyabiashara waliokula njama. Vyuo vinane vilikubali kuacha mikutano; MIT ilikataa, ikaenda mahakamani, ikashindwa mwaka 1992, kisha mahakama ya rufani mwaka 1993 ikaamuru shauri lisikilizwe upya, na pande mbili zikapatana kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 1994 Bunge la nchi hiyo likaruhusu vyuo vishirikiane katika kanuni ya kupima uhitaji, kwa sharti kwamba vinapokea wanafunzi pasipo kutazama uwezo wao wa kulipa. Ruhusa hiyo ilikwisha mwaka 2022, na mwaka huo huo wanafunzi wa zamani wakavishtaki vyuo kumi na kadhaa, wakidai kwamba sharti lile halikutimizwa, kwa kuwa watoto wa matajiri walikuwa wakipendelewa mlangoni. Baadhi ya vyuo vimelipa kwa mapatano, jumla yake zaidi ya dola milioni 280, bila kukiri kosa.

Sisi tunaona kwamba katika shauri lile la kwanza kila upande ulikuwa na la kusema. Wenye vyuo walisema wakishindana kwa fedha, fedha zitawaendea hodari waliokwisha kushiba. Serikali ilisema mnunuzi ana haki ya kusikia bei mbili. Jambo tunaloliona zito ni jingine: hapana hata mmoja aliyebishana juu ya nani ana haki ya kuipima familia. Hilo lilikwisha kukubaliwa na wote, nalo kwetu sisi ndilo lililokuwa swali kubwa, kama tutakavyoona.

Baada ya hapo vyuo vyenye wakfu mkubwa viliendelea kulegeza mkono. Princeton mwaka 2001 iliondoa mikopo kabisa katika msaada wake, ikaweka ruzuku mahali pake. Harvard mwaka 2004 ilitangaza kwamba familia yenye mapato yasiyofika dola 40,000 kwa mwaka haitachangia kitu. Kiwango hicho kimepandishwa mara kwa mara, na kwa mwaka wa masomo ulioanza 2025 ni dola 100,000.

Mgeni, hata hivyo, asishangilie upesi. Mwanafunzi raia wa Marekani hupata pia fedha za serikali yake. Mgeni hana fungu huko, kwa hiyo kila dola yake hutoka katika mfuko wa chuo chenyewe. Ndiyo maana vyuo vimegawanyika. Vichache sana humpokea mgeni bila kutazama mfuko wake: kwa miaka mingi vilivyotajwa ni Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, na mwaka 2022 vikaongezeka Dartmouth na Bowdoin. Vingine vingi huahidi kumtimizia uhitaji wote mgeni atakayekubaliwa, lakini uhitaji huo hutazamwa kabla ya kumkubali. Mwombaji wa dola 80,000 hushindana na mwombaji wa dola 20,000, na si vigumu kubashiri nani atapita. Na vingine havina cha kumpa mgeni. Tunawasihi walimu wenzetu walihakikishe hili kabla mwanafunzi hajamaliza usiku wake juu ya karatasi za chuo kisichoweza kumsaidia.

Safari ya Waafrika wa Mashariki kuelekea vyuo hivyo ilianza kabla hata kanuni za uhitaji hazijatufikia sisi. Mwezi Septemba 1959 Tom Mboya wa Kenya na wenzake walikodi ndege iliyowapeleka New York wanafunzi 81. Vyuo vilikuwa vimetoa nafasi na misamaha ya ada; nauli na fedha za matumizi zilitafutwa Marekani kwa michango, na nyumbani Kenya jamaa na vijiji vilichanga, wengine wakauza ng'ombe. Mwaka 1960 jamaa ya Kennedy, kwa mfuko wao wa hisani, ilitoa dola 100,000 kwa ajili ya safari iliyofuata. Na miongoni mwa walioondoka mwaka huo alikuwa Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma katika chuo kidogo cha watawa huko Kansas. Tutazame vizuri namna uhitaji ulivyopimwa siku zile: ulipimwa na jirani. Aliyejulikana hana, alichangiwa. Aliyejulikana anazo, aliambiwa auze shamba. Hapakuwa na fomu, palikuwa na baraza.

Mwaka 1960 David Henry, mkuu wa udahili wa Harvard, alianzisha mpango kwa ajili ya vijana wa Nigeria, na mwaka uliofuata ukapanuliwa kwa nchi nyingine za Afrika chini ya jina la ASPAU. Vyuo vilisamehe ada, serikali ya Marekani ikatoa fedha za kuishi, serikali za Afrika zikatoa nauli. Zaidi ya wanafunzi elfu moja walisoma kwa njia hiyo. Hawa walichaguliwa kwa uhodari zaidi kuliko kwa umaskini, na hilo lilieleweka: mataifa mapya yalihitaji wahandisi na madaktari, wala hayakuuliza baba wa mhandisi alikuwa nani.

Rwanda yetu ilishika njia yake. Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare mwezi Novemba 1963 kwa mikono ya mapadre Wadominiko kutoka Kanada, kikiwa na wanafunzi 51. Kilikuwa cha serikali, na buruse ilikuwa ya serikali. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 nafasi za sekondari na za chuo kikuu ziligawanywa kwa mizani ya kabila na mkoa, siasa iliyoitwa iringaniza. Mtoto aliulizwa yeye ni nani, wala hakuulizwa ana nini au anajua nini. Mkoa wa Gisenyi wa siku hizo ulikuwa miongoni mwa iliyopendelewa, na sisi tunaoandika kutoka hapa hatuna sababu ya kulificha. Tunalitaja kwa kuwa mzee wa Kinyarwanda anapoona fomu inayouliza habari za nyumbani kwake, hana budi kukumbuka fomu nyingine zilizowahi kuuliza habari za nyumbani kwake. Hofu hiyo haitoki katika ujinga.

Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, uhitaji uliingia katika sheria zetu kwa mlango wa msiba. Mwaka 1998 uliundwa mfuko wa kuwasaidia manusura waliokuwa wahitaji zaidi, ujulikanao kwa herufi FARG, nao uliwalipia ada maelfu ya yatima na wajane wasomao. Kisha, kuanzia mwaka 2001, likaja jambo ambalo kwa maoni yetu linastahili kusomwa na kila mwalimu wa Kiswahili: ubudehe.

Neno ubudehe kwa asili lilikuwa na maana ya watu kukusanyika kulima shamba la mmoja wao kwa zamu. Kiswahili kina neno ujima, ambalo halitofautiani nalo sana. Serikali ililichukua neno hilo na kulipa kazi mpya. Wanakijiji walikutana, wakachora chini ramani ya kijiji chao, nyumba kwa nyumba, kisha wakakubaliana hadharani kila nyumba iko katika daraja gani. Madaraja yalikuwa sita, na majina yake yalikuwa ya Kinyarwanda cha kila siku: umutindi nyakujya, asiye na kitu kabisa, umutindi, fukara, umukene, maskini, umukene wifashije, maskini anayejimudu, umukungu, mwenye chakula cha kutosha, na umukire, tajiri. Mwaka 2008 Umoja wa Mataifa uliutuza utaratibu huo. Tazameni lugha ilivyo tajiri hapo! Kiswahili kina fukara, maskini, hohehahe, mkata, mlalahoi, lakini hatujapata kuyapanga maneno hayo ngazi kwa ngazi hata yakaweza kutumika ofisini.

Na hapo ndipo matata yalipoanza. Madaraja yaliyotungwa ili kijiji kijijue yalipofanywa ufunguo wa kugawia fedha, watu walianza kuyagombania. Mwaka 2013 mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu ilifungamanishwa nayo: waliokuwa chini walipiwe, waliokuwa juu wajilipie. Mzazi aliyewahi kujivunia kuitwa umukungu sasa aliomba ashushwe. Mwalimu mwenzetu mmoja, mwenye mshahara unaokwisha tarehe 10, aliwekwa daraja moja na mwenye maduka. Malalamiko yalimiminika, madaraja yakapunguzwa kuwa manne, na mwaka 2020 serikali ikatangaza kwamba hayatatumika tena kugawia huduma kama hizo. Kenya nayo imeonja uchungu huo. Mwaka 2023 ilianzisha mpango wa kuwagawa wanafunzi wa vyuo vikuu katika makundi kwa kadiri ya uhitaji. Wengi wakalia kwamba wamewekwa kundi lisilo lao, wakagoma, na mwezi Desemba 2024 Mahakama Kuu ikauona mpango huo unapingana na katiba, shauri likaendelea katika rufani.

Basi kuna njia mbili za kupima uhitaji, na tumezijaribu zote. Jirani anakujua, lakini ana jicho, ana kinyongo, na ana mtoto wake pia. Fomu haina kinyongo, lakini haikujui. Chuo kikuu binafsi cha ng'ambo kimechagua fomu, na kwa mtu wa mshahara fomu hiyo ni rahisi: anaambatisha karatasi ya mwajiri, kazi imekwisha. Kwa mtu wa mpakani kila kitu ni kigumu. Ananunua kwa faranga za Rwanda, anauza kwa faranga za Kongo, anaweka akiba kwa dola. Miezi miwili ya mwaka ziwa hufungwa ili sambaza wazaliane, wala hakuna biashara. Mwezi Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Mwezi Mei 2021 volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka, matetemeko yalipasua nyumba nyingi hapa Rubavu, na familia zilizokuwa na mali katika fomu ya mwaka uliotangulia hazikuwa nayo tena. Fomu nyingi zina nafasi mwishoni ya kueleza mambo kama hayo kwa maneno. Nafasi hiyo ndiyo inayoachwa tupu na wanafunzi wetu, na ndiyo inayosomwa kwa makini zaidi na maofisa wa vyuo.

Huachwa tupu kwa nini? Kwanza kwa aibu. Tumewafundisha watoto kwamba mtu mwenye heshima hatangazi njaa yake. Lakini wahenga hao hao walisema mficha uchi hazai. Pili kwa kudhani kwamba sifuri inasaidia kuliko tarakimu. Kwa kweli sifuri humtia msomaji wa fomu mashaka, kwa kuwa anajua hakuna familia inayoishi kwa sifuri. Laki sita za faranga, zikielezwa zilikotoka, huaminiwa. Tatu, na hili ni letu, kwa sababu hatujawahi kumfundisha mwanafunzi kuandika habari za nyumba yake. Tunafundisha barua ya kuomba kazi, hotuba, na insha juu ya faida za ng'ombe. Hatufundishi insha ya kueleza kwa ukweli na kwa hesabu jinsi mama anavyopata shilingi na jinsi inavyotumika. Insha hiyo ingeandikwa kwanza kwa Kiswahili au Kinyarwanda, ambako mwanafunzi anayo maneno, ndipo ifasiriwe.

Tusije tukaonekana tunaisifu mno kanuni hii. Uhitaji hupimwa kwa yule aliyekwisha kuufikia mlango, na mlango wenyewe ni mwembamba ajabu. Vyuo tulivyovitaja hukataa zaidi ya waombaji tisa katika kila kumi. Anayefika ni yule aliyepata shule nzuri, mwalimu wa Kiingereza na mtu wa kumweleza. Kwa Wanyarwanda njia ilifunguka kidogo kuanzia mwaka 2007, serikali yetu iliposhirikiana na Hendrix College cha Arkansas na vyuo vingine kupeleka wanafunzi hodari wa sayansi, na tangu mwaka 2011 shirika la Bridge2Rwanda likawa linawaandaa vijana wachache kila mwaka mjini Kigali. Hapa nchini penyewe Carnegie Mellon ina tawi lake Kigali, na chuo cha afya cha UGHE kiko Butaro, ambako mwanafunzi wa udaktari hulipiwa masomo naye huahidi kulitumikia taifa kwa miaka kadhaa. Huo nao ni msaada wenye bei, lakini bei yake hulipwa kwa kazi, na sisi tunauona kuwa wa heshima.

Mwaka 2019 binti yetu aliomba tena, safari hii katika vyuo sita. Tulimwita mama yake shuleni Jumapili alasiri. Hakupenda. "Mwalimu, wanataka kujua umaskini wangu wa nini?" Tulimweleza kadiri tulivyojua. Ndipo akakaa, akaanza kuhesabu nasi tukiandika: siku nzuri mabeseni mawili, faida ya faranga 1,500 kwa kila beseni, siku tano kwa wiki, wiki arobaini kwa mwaka baada ya kuondoa miezi ya kufungwa ziwa, sikukuu na siku za ugonjwa. Ikawa faranga 600,000, karibu dola 660 kwa hesabu ya wakati ule. Tuliandika kodi ya nyumba, ada ya wadogo wawili, fungu la ikimina, na fedha ambazo kaka yake huko Musanze alikuwa akimtumia wakati wa Krismasi. Alikuwa hajapata kuiona jumla ya kazi yake ya mwaka mzima. Aliitazama karatasi kwa muda, akaomba nakala yake.

Vyuo vitano vilikataa. Cha sita, kidogo na kisichojulikana sana, kilimkubali, kikasema kitalipa yote isipokuwa dola 150 kwa mwaka, ambazo familia itachangia. Tulimfasiria mama barua ile neno kwa neno.

"Mia na hamsini ni mabeseni mangapi, mwalimu?"

Tulichukua kalamu tena. Yalikuwa tisini.

"Hayo ninayaweza," akasema.